Kuegesha mashua ya tanga Ghuba ya Mwanza: Si kila penye utulivu ni salama

MWENYE mashua ya tanga anayetafuta mahali pa kuiacha msimu mzima katika Ghuba ya Mwanza hukabiliwa na fumbo moja. Kona zilizokingwa upepo, ambazo macho huzichagua kwanza, ndizo zinazokusanya magugumaji. Zilizo safi, mara nyingi ziko wazi kwa mawimbi. Anayeamua kwa kuutazama ufuko asubuhi moja tu anaweza kuikuta mashua yake juu ya mawe kabla msimu haujaisha.

Ghuba hiyo, yenye urefu wa takribani kilomita 60, ni miongoni mwa maeneo yenye shughuli nyingi katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Meli za abiria na mizigo hutumia bandari za Mwanza Kaskazini na Mwanza Kusini, vivuko vya Kamanga huvusha watu kwenda Sengerema, na mitumbwi ya wavuvi huingia na kutoka katika Mwalo wa Kirumba. Mashua ya burudani ni chombo kidogo miongoni mwa vyombo hivyo, na ndiyo inayopaswa kupisha njia.

Mchana upepo mwingine, usiku mwingine

Mwanza iko kusini mwa ziwa, hivyo alasiri upepo huvuma kutoka ziwani, upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea nchi kavu. Usiku hugeuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya Juni na Agosti huongezeka upepo wa kusi unaotoka kusini-mashariki. Radi na dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa usiku, wakati wamiliki wa mashua wamelala.

Kwa sababu hiyo, mahali panapofaa hapana budi kukingwa pande zote mbili. Ufuko uliotulia saa mbili asubuhi unaweza kupigwa na mawimbi saa kumi jioni. Njia nyepesi ya kupima ni kulitembelea eneo hilo asubuhi, alasiri na usiku, kwa siku kadhaa, na kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) unaohusu ziwa.

Upepo huo huo ndio unaosukuma magugumaji. Mmea huo ulianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaenea sana katika miaka ya 1990, na hadi leo hutokea na kutoweka kwa misimu. Mapema mwaka 2025 magugumaji yalitatiza safari za vivuko kati ya Kigongo na Busisi. Ikiwa kivuko chenye injini kubwa hukwama, mashua iliyofungwa katika kona isiyo na mkondo itakwama zaidi. Aidha, zulia la mimea linaposukumwa na upepo huongeza mzigo kwenye mnyororo na linaweza kuing'oa nanga.

Kina cha maji hakitabiriki

Mabaharia waliozoea pwani hupata mshangao wanapofika Mwanza. Ziwa halina maji kupwa na maji kujaa ya kutegemewa, hivyo haiwezekani kusubiri maji yapwe ili kusafisha chini ya chombo kama ifanywavyo Tanga au Zanzibar. Mashua hulazimika kuvutwa nchi kavu, na aliyechagua mahali pasipo na ufuko wa mteremko mzuri wala chelezo huja kujuta siku ya matengenezo. Faida ni kwamba maji baridi hayana mdudu wa baharini anayetoboa mbao, na chuma huliwa na kutu polepole kuliko katika maji ya chumvi.

Hata hivyo, kina cha ziwa hubadilika kwa miezi na miaka. Mwaka 2006 maji yalishuka sana. Mei 2020, baada ya mvua kubwa, yalipanda na kuizidi kidogo rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na nyumba, mialo na magati mengi ya kando ya ziwa yakafunikwa. Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili ni zaidi ya mita 2.

Maana yake kwa mwenye mashua ni ya moja kwa moja. Chukulia mashua ya mita 8 iliyofungwa penye kina cha mita 5 kwa mnyororo wa mita 15, yaani mara tatu ya kina. Maji yakipanda mita 2, mnyororo huo unabaki kuwa mara mbili tu ya kina, na wimbi huanza kuliinua zege badala ya kuvuta mnyororo uliolala chini. Maji yakishuka, mawe yaliyokuwa salama chini ya maji huikaribia mashua. Mwanza, Jiji la Miamba, haina miamba juu ya vilima tu; mingi imejificha chini ya maji, na Mwamba wa Bismarck ni ule tu unaoonekana.

Zege na nafasi

Wengi hutumia zege kama nanga ya kudumu, lakini husahau kuwa ndani ya maji uzito wake hupungua. Zege la kilo 1,000 hubakiwa na nguvu ya takribani kilo 580 tu likizama. Penye tope laini huzama na kushika vizuri. Penye mwamba tambarare huteleza.

Nafasi nayo huhitaji hesabu. Mashua iliyotajwa hapo juu, ikizungushwa na upepo wa mchana na wa usiku, hufagia duara lenye upana wa takribani mita 44. Duara hilo halitakiwi kugusa njia ya meli, mitego ya wavuvi wala mashua ya jirani.

Ruhusa kabla ya zege

Maji hayana uzio, lakini yana wenyewe. Ndani ya maeneo ya bandari mwenye kauli ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua majukumu ya usafiri majini yaliyokuwa ya SUMATRA mwaka 2018. Katika mialo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, ndivyo vinavyojua nani hufunga wapi na wapi samaki huzaliana. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, pamoja na sehemu ya maji yanayokizunguka, hivyo si mahali pa kutia nanga kiholela.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye kiwanja cha ufukweni Luchelele au Igombe asidhani kwamba hati yake inampa haki ya kujenga gati.

Anayefikiria kuegesha kusini mwa Kigongo anapaswa kuuliza jambo moja zaidi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, linakatiza ghuba, na mlingoti lazima upite chini yake. Urefu unaoruhusiwa uulizwe kwa mamlaka husika kabla ya safari, si chini ya daraja.

Kwa anayeanza, Capri Point, iliko Klabu ya Mashua ya Mwanza, ni mahali pa kwanza pa kuuliza, kwa kuwa huko hupatikana watu waliokwisha kupitia misimu yote. Mbali na hapo, makubaliano na mwalo wenye mlinzi ni bora kuliko kona nzuri isiyo na mtu, hasa kwa mashua yenye injini, kwani wizi wa injini ni kero ya muda mrefu ziwani.

Mnyororo na pingu zake zikaguliwe kila mwezi, na kina kipimwe upya baada ya masika, Mei, na kabla ya vuli, Oktoba. Ziwa hili liliizamisha mv Bukoba mwaka 1996, na mwaka 2018 mv Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara na kuua watu 228. Kuwa karibu na nchi kavu si kinga.