Vita Vyote, au Vita Hivi?

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, bondia Muhammad Ali aliitwa aingie jeshini, naye hakupiga hatua mbele. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, hadi Mahakama ya Juu ilipomfutia hatia mwaka 1971. Wengi wetu tunamkumbuka Ali wa ulingoni Kinshasa. Kwangu, pambano zito zaidi lilikuwa lile la Houston. Serikali ilidai kwamba Ali hapingi vita vyote, maana dini yake iliruhusu vita vinavyoamriwa na Mungu. Sheria ya Marekani ilimlinda tu anayekataa vita vya kila aina.

Mkristo Maximilian angeuvuka mtihani huo bila taabu. Mwaka 295, huko Tebessa, Algeria ya leo, kijana huyu wa miaka 21, mtoto wa askari wa zamani, alikataa kuvalishwa shingoni muhuri wa madini ya risasi wa jeshi la Roma. Liwali alimkumbusha kuwa Wakristo wenzake wanawalinda hata makaisari. Alijibu kuwa hao wanayajua yanayowafaa. Alipopelekwa kukatwa kichwa, alimwomba baba yake ile nguo mpya aliyomwandalia ya kuingilia jeshini apewe yule atakayemkata. Kila niisomapo habari hiyo, namfikiria baba yake.

Lakini tumweke wapi Chandra Singh Garhwali? Huyu alikuwa Mhindu, askari wa Waingereza aliyekwisha kupigana Vita Kuu ya Kwanza. Bunduki hakuikana. Tarehe 23 Aprili 1930, mjini Peshawar, kikosi chake kiliamriwa kuufyatulia risasi umati wa Wapashtuni Waislamu, wafuasi wa kiongozi Abdul Ghaffar Khan, wasio na silaha. Akawazuia wenzake. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mimi namweka bega kwa bega na Maximilian. Kijana wa Tebessa alikuja na jibu lake tayari. Chandra Singh ilimbidi alitafute papo hapo, kidole kikiwa karibu na kifyatulio. Watawala huogopa dhamiri ya namna hii, kwa kuwa kesho kila askari ataipima kila amri. Hofu yao naielewa, ila siikubali: askari asiyepima ndiye wa kuogopwa na raia. Chandra Singh angeulizwa kama anapinga vita vyote, jibu la kweli lingekuwa hapana. Lakini siku ile, risasi za watu wake zilibaki ndani ya bunduki.