Marufuku ya 1873: kutoka Mkunazini hadi Mangapwani

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, na siku hiyohiyo soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Wengi tulisomeshwa habari hii kwa sentensi moja: Sultani alipiga marufuku utumwa. Nimeifuata njia ya sentensi hiyo, kuanzia Mkunazini na kuelekea kaskazini kwa daladala ya Bumbwini hadi Mangapwani, nikitaka kujua ni nini hasa kilichopigwa marufuku, na kama lililofanyika lilikuwa kupiga marufuku, kukataza, kuzuia au kukomesha.

Mswahili hayachanganyi maneno haya. Mama humkataza mtoto kuchezea moto. Mtoto asiposikia, humzuia, yaani humshika mkono. Aliyekatazwa bado anao uwezo wa kutenda, aliyezuiwa hana. Marufuku ni katazo la mwenye dola, latangazwa hadharani, na ndiyo maana hupigwa kama inavyopigwa mbiu. Ukisikia baba anapiga marufuku nyumbani kwake, ujue anatania au anajiona serikali. Haramu haitoki kwa baba wala kwa serikali. Ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, na mfalme hana la kuongeza wala la kupunguza. Mwiko nao ni wa wazee na mila: hauna askari, na auvunjaye huogopa yatakayompata yeye au kizazi chake. Basi kitu chaweza kuwa marufuku bila kuwa haramu, na hapo ndipo Barghash alipokwama.

Mkunazini leo pana kanisa kuu la Anglikana. Ujenzi ulianza mwaka uleule wa kufungwa kwa soko, ukasimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye pia alijifunza Kiswahili na kuandika juu yake. Wageni huoneshwa madhabahu na kuambiwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs kutoka Sweden. Watu husimama hapo kimya, kisha wengi huondoka wakidhani wameuona mwisho wa hadithi.

Katika barabara ya kaskazini unapita Mtoni, palipo magofu ya kasri la Sayyid Said bin Sultan, baba yake Barghash. Makatazo yalianza zama zake. Mwaka 1822 alikubaliana na Kapteni Mwingereza Fairfax Moresby kwamba watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, wala wasipelekwe nje ya mstari uliochorwa baharini. Mwaka 1845 akakubaliana na Balozi wa Uingereza Atkins Hamerton kwamba wasisafirishwe kutoka milki zake za Afrika kwenda Arabuni, na katazo hilo likaanza kazi mwaka 1847. Lakini kati ya Kilwa na Lamu, pamoja na Unguja na Pemba, jahazi lililosheheni watu liliendelea kupita kwa ruhusa kamili. Kilichokatazwa kilikuwa mnunuzi fulani na mwelekeo fulani wa safari. Kumuuza binadamu kwenyewe hakukuguswa.

Barghash alirithi shida hiyo, na wakati wake ulikuwa mbaya. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja. Januari 1873 akaja mjumbe wa Waingereza, Sir Bartle Frere, na rasimu ya mkataba, Barghash akakataa. Alikuwa na hoja ya uchumi, na hoja ya dini pia: sheria iliyofuatwa na makadhi wake ilimpa mwenye mtumwa haki zake, hivyo sultani angewezaje kuwaambia raia kwamba kilichoruhusiwa kwao sasa ni haramu? Hakusema kwamba ni haramu, na hakuna aliyemtaka aseme. Balozi John Kirk alimweleza tu kwamba asipotia sahihi, manowari zitakizingira kisiwa. Barghash akatia sahihi. Kwa maoni yangu, hapo mfalme alipiga marufuku huku yeye mwenyewe akiwa amezuiwa kukataa.

Mkataba ulifunga masoko ya hadhara na kukataza usafirishaji kwa bahari. Kazi ya kuzuia ikabaki kwa Waingereza. Kuanzia 1874 waliiegesha Unguja meli kongwe iliyoitwa London, na mashua zake zikawa zinayasaka majahazi. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolikabili jahazi la watumwa. Ni miaka minane baada ya "marufuku", na bado watu walikuwa tayari kuua kwa ajili ya biashara hiyo.

Sababu ya kuendelea haikuwa siri. Mikarafuu ya Pemba ilinusurika kimbunga, bei ikapanda, na mashamba yakataka mikono. Bahari ilipokatazwa, wafanyabiashara walishika nchi kavu: misafara iliondoka Kilwa na kufuata pwani kwenda kaskazini kwa miguu, kisha usiku mmoja wa kuvuka ukatosha kuwafikisha watu Pemba. Ikabidi mwaka 1876 Barghash atoe matangazo mengine ya kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara na ile ya kufuata pwani.

Mangapwani ndipo yalipo mabaki ya upande wa pili wa marufuku. Kuna chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kuezekwa, kwa nje chaonekana kama kisima kipana. Wenyeji husimulia kwamba watu walifichwa humo wakati biashara ikiendeshwa kwa magendo, wakisubiri jahazi. Ukishuka ngazi zake, utaona kwamba soko la Mkunazini lilikuwa la wazi kwa sababu liliruhusiwa.

Mwaka 1890 Sultani Sayyid Ali bin Said alikataza kila namna ya kuuza na kununua watumwa. Aprili 1897 Sultani Sayyid Hamoud bin Mohammed akatoa amri ambayo, ukiisoma vizuri, haimkatazi mtu yeyote kuwa na mtumwa. Ilisema tu kwamba mahakama hazitaitambua tena hadhi ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, aoneshe atakapokaa na atakachoishi nacho, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje, eti kwa kuhifadhi nyumba za watu. Walisubiri hadi 1909. Upande wa bara, Tanganyika, sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1922.

Kwa hiyo, walimu wa historia na waongoza watalii, naomba tuisahihishe ile sentensi. Mwaka 1873 Barghash alipiga marufuku masoko ya watumwa na usafirishaji wao baharini. Utumwa wenyewe, Unguja na Pemba, ulikomeshwa kwa wote mwaka 1909.