Hongo ya Ugogo ilikuwa bei ya maji

Wasafiri wa Kizungu Burton, aliyepita Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, waliiona hongo, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watemi, kuwa unyang'anyi. Naona walikosea. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka kwanza nyika kavu ya Marenga Mkali; ikifika Mvumi, ndani ya Ugogo, ilikuta maziwa, asali, nafaka na maji ya visima, furaha kubwa kwa mpagazi mwenye kiu. Visima hivyo vilichimbwa na Wagogo, ambao mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Ni kweli, mashauriano ya hongo yaliwachelewesha wasafiri siku kadhaa, na wapo watemi waliozidisha madai. Lakini msafara wa mamia ya watu uliweza kukausha kisima cha kijiji kizima. Nguo na shanga walizotoa wasafiri zilikuwa malipo halali.