Kabla Hujanunua Dispensa ya Maji Moto

Mwezi wa Ramadhani mama alitutuma tumtafutie dispensa. Amechoka kuinuka wakati wa daku kuwasha gesi kwa kikombe kimoja cha sturungi. Mimi sikuwa na haraka, maana mpwa wangu wa miaka mitatu aliwahi kuungua mkono kwa dispensa iliyokuwa sebuleni, mfereji wake ukiwa sawasawa na kifua chake. Basi nikazunguka maduka ya Mombasa siku mbili nikiuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Dukani, jina la dispensa hupewa vyombo vitatu. Kuna ile ya kusimama, inayobeba mtungi wa lita 20 kichwani na kutoa maji moto na baridi. Kuna birika la umeme lenye pampu, la lita 3 hadi 5, mfano wa chupa ya chai ya kubonyeza, ambalo huchemsha kisha huyaweka maji yakiwa moto. Ya tatu huchemsha papo hapo kikombe kimoja kimoja. Hii hula umeme mwingi kwa mpigo, wati 2,200 hadi 3,000, kwa hiyo isitiwe kwenye ekstensheni ya bei rahisi. Ichomekwe ukutani, kwenye soketi ambayo fundi ameiangalia.

Cha kutizama mwanzo ni watoto. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Dispensa ya kusimama hutoa maji ya nyuzi 85 hadi 95. Kwa hivyo jaribu kufuli la mfereji mwekundu pale pale dukani, kwa kidole kimoja. Likifunguka kwa kusukumwa mara moja tu, hilo si kufuli, mtoto atalijua kwa siku mbili. Kwa birika, tizama waya: usiwe mrefu ukaning'inia mezani mtoto akauvuta. Na akiungua, Mungu apishe mbali, weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

La pili ni maji yetu. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi. Ukiyachemsha kila siku, utaona ukoko mweupe chini ya chombo. Ukoko huo hufunika kichemshio, kikachelewa kupasha, mwisho kikaungua. Chagua chombo ambacho mkono waingia ndani. Kila baada ya wiki chache tia maji na siki, au ndimu, uchemshe, uache kama saa moja, kisha usuuze mara tatu nne. Dispensa ya kusimama ni shida kusafisha kwa sababu tangi lake limefichwa. Tena upande wake wa baridi hauchemshi kitu: ukijaza mtungi kwa maji ya mkokoteni, hayo hayo ndiyo utakayokunywa.

Umeme nao. Kuchemsha lita moja hutumia kama uniti 0.1, kwa hiyo lita kumi ni kama uniti moja. Kinachomaliza tokeni ni kile chombo kukaa kimewashwa usiku kucha, kikipoa na kupasha tena bila mtu kunywa. Ukitaka kujua chako chala kiasi gani, zima kila kitu kingine kwa masaa matatu, usitoe maji, usome mita mwanzo na mwisho. Dispensa nyingi za kusimama zina swichi ya maji moto peke yake nyuma, izime ukienda kulala. Na ikiwa mpya, usiiwashe mpaka mfereji wa moto utoe maji, la sivyo yaunguza tangi tupu.

Stima ikikatika, birika lenye pampu ya mkono bado latoa maji. La pampu ya umeme pekee halitoi, nawe utamiminaje maji ya kuchemka kwa kuliinamisha gizani? Uliza hilo kabla ya kulipa, na uone alama ya KEBS na kwamba vipuri vyapatikana mjini.

Mwenye mtoto wa maziwa ya unga akumbuke kuwa Shirika la Afya Duniani lashauri maji yasiyopungua nyuzi 70, basi kile chombo kinachoweka maji vuguvugu hakimfai.

Mama tulimnunulia birika la lita 3, lenye pampu ya mkono, likawekwa juu ya kabati ya jikoni. Sturungi ya daku sasa ni ya dakika moja. Chai ya maziwa bado yapikwa kwa sufuria, maana maziwa hayatiwi mle: huungulia chini na kuziba bomba la pampu.