Arado Ar 196: Ndege ya Maboya

Maboya haya mawili ndiyo yaliyoiwezesha kutua baharini. Mabawa yake yalikunjwa nyuma ili ienee ndani ya manowari. Iliundwa Ujerumani, ikabeba watu wawili: rubani na mwangalizi.

Bulgaria ilipokea ndege za aina hii mwaka 1943, zikaruka kutoka Chaika, karibu na Varna, kusaka nyambizi za Kisovieti katika Bahari Nyeusi.

Lakini kisa kikubwa cha ndege za aina hii, zikiwa mikononi mwa Wajerumani, ni cha Mei 5, 1940, katika mlangobahari wa Kattegat. Nyambizi ya Uingereza, Seal, iliyoharibiwa na bomu lililotegwa majini, ilishindwa kuzama tena. Arado ikaishambulia, kisha nyingine ikatua kando yake. Nahodha wa nyambizi hiyo, Lonsdale, akaogelea hadi kwenye ndege, akapelekwa mateka hadi mji wa Aalborg. Ndege kuteka nyambizi!

Zilizosalia duniani ni za kuhesabu kwa vidole. Hii imehifadhiwa hapa Krumovo, Plovdiv.