Filamu uliyonunua imekatwa wapi? Maumbo ya skrini na kilio cha mashabiki

Shabiki hununua filamu aipendayo, akaiweka nyumbani, akakuta vichwa vya watu vimekatwa au nyuso zimetandazwa kama chapati. Mwengine huona mistari myeusi juu na chini, akadai amepunjwa. Malalamiko haya mawili yana chanzo kimoja: umbo la picha halilingani na umbo la skrini. Lakini si sawa. Mwenye mistari myeusi aghalabu amepata filamu nzima. Aliyejaziwa skrini ndiye huenda amepunjwa.

Umbo la picha ni nini?

Ni uwiano wa upana kwa kimo. Runinga za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilikuwa 4:3, karibu sawa na umbo la filamu nyingi za sinema kabla ya miaka ya 1950. Runinga zilipoanza kuwabakisha watu majumbani, Hollywood ilitafuta kitu ambacho sebule haingeweza kukitoa, yaani picha pana. Mwaka 1953 ilitoka The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, upana wake ukiwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo. India ilifuata mwaka 1959 kwa Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, filamu ya kwanza ya nchi hiyo katika mfumo huo. Runinga za leo nazo ni 16:9, katikati ya maumbo hayo.

Enzi ya kukata pande

Kwenye kanda za VHS, fundi alichagua kipande cha picha pana na kukisogeza kushoto au kulia ili kijaze runinga ya 4:3. Filamu ya 2.35:1 ikifanyiwa hivyo, hubaki takriban asilimia 57 tu ya picha. Watu wawili wakizungumza, kila mmoja pembeni mwake, mtazamaji humwona mmoja na kumsikia mwenziwe. Woody Allen alikataa, na filamu yake Manhattan ya 1979 ikatolewa kwa kanda ikiwa na umbo lake kamili.

DVD zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1997, filamu nyingi ziliuzwa kwa matoleo mawili, lenye umbo pana na lililojaza skrini. Makasha yalifanana, na asiyesoma maandishi madogo alirudi nyumbani na lile lililokatwa.

Sasa mkasi umegeuka

Runinga zilipokuwa pana, kazi za zamani za 4:3 zikaanza kukatwa juu na chini. Kuijaza 16:9 kwa njia hiyo hupoteza robo ya picha. Mwaka 2007 kampuni ya Funimation ilitoa Dragon Ball Z kwa DVD zilizokatwa hivyo, na mashabiki wakalalamika kwa miaka. Disney+ ilipozinduliwa Novemba 2019, vipindi vya zamani vya The Simpsons vilikuwa vimekatwa, na baadhi ya vichekesho vikapotea pamoja na kilichokuwa juu ya picha. Mei 2020 watazamaji walipewa nafasi ya kuchagua umbo la asili.

Njia nyengine ni kufunua pembe ambazo hazikukusudiwa kuonekana. Toleo pana la Buffy the Vampire Slayer la 2014 lilionyesha wafanyakazi na vifaa vya kurekodia.

Ufanye nini?

Kwanza, soma nyuma ya kasha. Kipindi cha zamani cha runinga kinafaa kuwa 1.33:1 au 4:3. Filamu nyingi za sinema ni 1.85:1, 2.35:1 au 2.39:1. Alama ya 16:9 kwenye DVD pekee haithibitishi kuwa filamu imekatwa, kwani yaweza kumaanisha tu kuwa diski imetayarishwa kwa runinga pana.

Pili, kagua menyu ya picha kwenye runinga yako. Mpangilio wa kukuza hukata kingo, na wa kunyoosha huwanenepesha watu. Tafuta ule wa umbo la asili. Kipimo chepesi ni mpira au gurudumu: lisipokuwa duara, mpangilio una kasoro.

Haki ya mnunuzi

Kampuni hujitetea kuwa wateja hawapendi mistari myeusi. Ni kweli wapo wengi wasioipenda, lakini hilo halihalalishi kuuza robo tatu ya kazi kwa bei ya nzima bila kusema. Kwetu Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Umbo la picha ni taarifa ya aina hiyo. Liandikwe kwa herufi zinazosomeka, na panapowezekana mnunuzi aachiwe achague mwenyewe. Runinga ina kitufe cha kukuza picha kwa anayetaka kuikata. Hakuna kitufe cha kurudisha kilichokatwa kiwandani.