Kipandauso: Dawa ikizidi kiasi huchochea maumivu

KIPANDAUSO si maumivu ya kichwa ya kawaida. Ni ugonjwa wa ubongo unaomshika mtu kwa vipindi, na wanaouugua ulimwenguni wanakadiriwa kupita bilioni 1. Wanawake huathirika takriban mara tatu kuliko wanaume, hasa kutokana na mabadiliko ya homoni.

Kipindi kimoja kisipotibiwa huweza kudumu kati ya saa 4 na 72. Aghalabu maumivu hupiga upande mmoja wa kichwa kwa mdundo kama wa moyo, huzidi mgonjwa anapotembea au kupanda ngazi, na huandamana na kichefuchefu, kutapika na kutostahimili mwangaza au kelele. Baadhi ya wagonjwa huona vimulimuli kabla ya maumivu kuanza.

Hakuna kipimo cha damu wala eksirei kinachothibitisha kipandauso. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa kusikiliza maelezo ya mgonjwa na kumchunguza ili kuondoa shaka ya maradhi mengine.

Chanzo chake

Kwa miaka mingi wataalamu, akiwemo Harold Wolff wa Marekani, waliamini kwamba maumivu hayo yalitokana na kutanuka kwa mishipa ya damu ya kichwani. Mnamo 1990, Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kuwa wakati wa kipandauso, protini iitwayo CGRP, ambayo hutolewa na neva, huongezeka katika damu inayotoka kichwani.

Mwaka wa 2002, kundi la Jes Olesen nchini Denmark lilibaini kwamba mgonjwa akitiwa protini hiyo mwilini anaweza kupatwa na kipandauso. Ugunduzi huo ulifungua njia ya dawa mpya. Mnamo Mei 2018 Marekani iliidhinisha erenumabu, kingamwili inayodungwa mara moja kwa mwezi ili kuzuia CGRP isifanye kazi. Watafiti hao watatu, pamoja na Michael Moskowitz, walitunukiwa Tuzo ya Ubongo mwaka wa 2021.

Hatari ya dawa nyingi

Hata hivyo, dawa za kawaida kama aspirini, ibuprofeni na parasetamoli zingali na nafasi yake, mradi zimezwe mapema maumivu yanapoanza. Zisipofaa, daktari anaweza kumwandikia mgonjwa dawa za jamii ya triptani, kama vile sumatriptani iliyoanza kutumiwa mapema katika miaka ya 1990. Triptani hubana mishipa ya damu, kwa hivyo hazimfai mwenye maradhi ya moyo au aliyewahi kupatwa na kiharusi.

Tatizo huzuka dawa zinapogeuka kuwa mazoea. Mwenye kipandauso anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, au triptani siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda akapata maumivu mapya ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Naye akidhani ugonjwa umezidi, huongeza dawa, na maumivu yakaongezeka pia. Dawa hizi hupatikana kwa urahisi dukani, hivyo ni muhimu mgonjwa aandike kila siku anayozimeza, kisha amwonyeshe daktari orodha hiyo.

Virutubisho vya chakula

Watafiti wamechunguza pia virutubisho vinavyopatikana katika chakula. Mwaka wa 1998, utafiti uliofanyiwa watu 55 uligundua kwamba asilimia 59 ya waliopewa miligramu 400 za vitamini B2 kila siku kwa miezi mitatu walipata nafuu ya angalau nusu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nchini Ujerumani, utafiti wa 1996 ulionyesha kuwa miligramu 600 za magnesiamu kwa siku zilipunguza vipindi vya ugonjwa.

Mnamo 2021, watafiti nchini Marekani walifuatilia watu 182 kwa wiki 16. Waliokula samaki wenye mafuta ya omega-3 kwa wingi na kupunguza mafuta ya mimea kama ya mahindi na soya walipungukiwa na takriban siku 4 za maumivu kwa mwezi kuliko waliokula kama kawaida.

Maziwa, mayai na maini yana vitamini B2; mboga za kijani, maharagwe na njugu zina magnesiamu; nao omena wana omega-3. Lakini mwili huhitaji miligramu 1 hivi tu ya vitamini B2 kwa siku, na chakula pekee hakiwezi kufikisha 400. Kiasi kama hicho ni tiba, na chahitaji ushauri wa daktari. Magnesiamu nyingi huharisha, na ni hatari kwa mwenye figo dhaifu.

Kula kwa wakati na kulala saa zilezile kila siku pia husaidia kuzuia ugonjwa.

Mgonjwa anapaswa kukimbizwa hospitalini iwapo maumivu yamemshika ghafla kwa ukali asioujua, yameambatana na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema, au yametokea baada ya kuumia kichwa. Mja mzito mwenye maumivu makali ya kichwa asisubiri, kwani huenda ikawa ni shinikizo la damu.